Usiende Msalani Kabla ya Kuitwa

Nabuyonga, Mbale
9 Septemba 2024

Kwa Bi Shamim,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima huko Mafubira, na mama yako pia kama Mungu bado amemweka. Sisi hapa hatujambo. Mvua zimerudi na maharage tumeshavuna.

Nakuandikia baada ya miaka saba, na usidhani nimesahau kwa nini ilipita kimya. Mjane aliyetoka edani kabla ya arobaini, akaonekana soko la Jinja na gauni la maua, udongo wa kaburi la mume wetu haujakauka, mimi sikuwa na la kumwambia. Hata leo sina. Ila Conrad, yule fundi wa lori la marehemu ambaye sasa anaendesha basi, ameniambia unafanya kazi kwenye kliniki ya skani. Nina swali la skani. Ukijibu, vizuri. Usipojibu, nitajua.

Tumbo langu linakua tangu Idi ndogo. Mwanzoni nilisema ni gesi. Sasa vitambaa vya kiunoni havifungi, na upande wa kushoto panauma nikilala. Nesi wa kituo cha afya akanipa karatasi ya skani. Nikaenda kliniki moja hapa mjini, juu ya duka la magodoro. Msichana wa mapokezi akanipa jagi la maji: "Kunywa vikombe sita, usikojoe mpaka tukuite."

Nikanywa. Saa tatu asubuhi hiyo. Nikakaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, mimi bibi wa miaka hamsini na tisa, nimebana miguu. Saa nne wakaitwa wengine. Saa tano akaja mke wa askari jela, hata benchi hakuligusa, akapitishwa. Nikauliza. Wakasema, "Huyo ni wa Afande, yuko na haraka." Na mimi niliyekuwa na vikombe sita tumboni sikuwa na haraka?

Ikaadhiniwa Adhuhuri. Shamim, unajua mtu haswali huku amejibana haja. Tumefundishwa hivyo tangu chuoni, na mimi mwenyewe nawafundisha wanawake wa darasa la Ijumaa hivyo. Nikaenda msikiti wa nyuma, nikajisaidia, nikatawadha, nikaswali, nikarudi nimetulia. Ndipo nikaitwa. Yule bwana wa koti jeupe akanipaka mafuta yale ya baridi, akasugua na kifaa chake, halafu akapiga kelele na mlango uko wazi: "Mama! Kibofu iko tupu! Nani alikwambia kukojoa? Nyinyi wazee munakuja kuchezea mashine?" Benchi zima lilicheka. Nilitoka na mafuta tumboni, sikupewa hata kitambaa.

Swali langu ni hili: hiyo skani hujiandaa vipi mtu mwenye swala zake? Nijibu kwa karatasi. Simu yangu hapa nyumbani ni ya kila mtu, na mke wa mwanangu husoma ujumbe wangu kwa sauti kama taarifa ya habari.

Mke mwenzako,
Zaituni


Mafubira, Jinja
14 Septemba 2024

Kwa Bi Mkubwa Zaituni,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima. Mama alifariki mwaka juzi. Conrad alijua, Mbale nzima ilijua, pole haikuja. Basi tuendelee.

Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeshainuka kuitupa jikoni. Miaka saba, halafu unanigongea mlango kwa kunitukana kwanza na kuuliza baadaye! Wewe hubadiliki. Siku ya mazishi ulisimama mlango wa uani, ukaniambia mbele ya watu kwamba nyumba hiyo ina mjane mmoja. Nilikaa nje kwenye mkeka na wapishi. Lakini uliyeuliza ni mgonjwa, na kazi yangu ni kuwajibu wagonjwa, hata wenye ulimi.

Sikiliza vizuri. Kula kidogo asubuhi, usishibe. Saa moja kabla ya kipimo nenda msalani umalize haja zote. Kisha kunywa maji lita moja, chupa mbili za nusu, taratibu. Maji matupu, si chai, si soda. Baada ya hapo huendi msalani mpaka uitwe na upimwe. Kibofu kikijaa huyasukuma matumbo kando, mashine ikaona kizazi na vilivyo pembeni yake. Kikiwa kitupu, ni kuchungulia nyumba ya watu kupitia ukuta. Usivae gomesi, lile gauni refu la mshipi. Vaa sketi na blauzi, utafunua tumbo tu na mwili mwingine ubaki na heshima yake.

Kuhusu swala: Adhuhuri ina wakati mrefu mpaka Alasiri, wewe ndiye uliyenifundisha. Ungepimwa, ukakojoa kwa raha zako, ukatawadha, ukaswali. Kosa lako ni hilo tu. Makosa mengine yote ni yao. Vikombe sita saa tatu na kumwita mtu saa saba ni kumtesa, na kumpitisha mke wa Afande ni dhulma, na kumfokea mama mtu mzima mlango uko wazi, huyo angekuwa hapa kwetu ningemmwagia jagi zima.

Lakini kuna jambo limenikasirisha zaidi. Tumbo linakua tangu Idi ndogo. Hiyo ni miezi mitano, Bi Mkubwa! Umenieleza habari ya benchi, ya adhana, ya mke wa askari, na maumivu umeyapa mstari mmoja. Njoo Jinja. Anayepima hapa ni mwanamke, anaitwa Khushbu, binti wa Kihindu, mkono wake mwepesi na mlango anafunga.

Mke mwenzako, kama bado nahesabiwa,
Shamim


Nabuyonga, Mbale
2 Oktoba 2024

Shamim,

Salaam. Nimepata habari ya mama yako kwako mwenyewe, na nimeona haya. Mungu amrehemu. Zaidi ya hapo leo sina salamu ndefu, nina moto kifuani.

Wanasema nina mimba.

Mimi! Zaituni! Wale waliokuwa kwenye benchi walirudi majumbani na midomo yao. Mjane wa miaka saba, tumbo limetoka, kaonekana skani kati ya wajawazito, anakunywa maji kama wao. Juzi kaja Rashidah, mke wa imamu, na sahani ya mandazi imefunikwa. Akakaa, akaulizia watoto, akaulizia kuku, halafu akasema polepole, "Dada, kama kuna mtu, tumfungie ndoa mapema, Mungu ni mwenye kusitiri." Nikamwuliza, mtu gani? Akasema, "Lisemwalo lipo." Nilimrudishia mandazi yake, sahani na kitambaa.

Ijumaa darasani walikuwa kumi na moja badala ya thelathini. Wale waliokuja walinitazama hapa, kiunoni, nikiwa nasoma. Nimefundisha wanawake hao miaka ishirini na miwili. Wengine niliwafunza hata kutawadha. Nimelia usiku, nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na usijivunie.

Sasa niambie ukweli. Nani mwingine alijua habari za skani yangu isipokuwa wewe? Conrad kabeba barua, wewe umeisoma. Kama ni wewe uliyepeleka maneno Mbale ili kulipiza ile siku ya mlango wa uani, basi umefaulu, kaa ufurahi.

Skani sitaki tena. Sikanyagi kwa Mhindi wala kwa Mgisu wa hapa. Nije Jinja nilale kwenye nyumba aliyokujengea mume wangu, nitoke humo asubuhi nimeshika tumbo, watu wapate sura ya pili ya hadithi? Hapana. Kama ni la Mungu litaondoka, kama si la kuondoka ndilo aliloandika.

Zaituni


Mafubira, Jinja
5 Oktoba 2024

Bi Mkubwa,

Leo salamu sina. Afya yangu ni nzuri, ya kwako sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu umeamua kumwogopa Rashidah kuliko kifo.

Wallahi sikumwambia mtu wa Mbale. Watu wa Mbale ninaowajua ni wewe na Conrad, na ninyi wote wawili mmeshanitosha. Niliyemwambia ni Khushbu, bila jina. Nilisema kuna mama wa miaka karibu sitini, hedhi ilikoma zamani, tumbo linakua miezi mitano, linauma kushoto. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Akasema, "Shamim, hapana ngoja. Leta yeye wiki hii, hapana sema mwezi ujao." Huyo anacheka kila siku, siku hiyo hakucheka.

Na sasa nitakuambia jambo ambalo nililimeza miaka saba, kwa sababu umenichokoza.

Unajua mimi nilianzaje kuijua skani? Siku tunamzika mume wetu Kirunda nilikuwa na mimba ya miezi minne na zaidi. Yeye alijua. Nilikuambia mlangoni pale, kwa sauti ndogo, ili uniruhusu nikae ndani. Ukageuka, ukawaambia wenzako kwamba yule wa Jinja ameleta mimba ya uongo ili apate nafasi. Mimba ya uongo! Maneno yalifika Jinja kabla yangu. Wiki ya tatu nikaanza kuumwa. Nilikunywa lita yangu ya maji peke yangu, nikalala kwenye kitanda kile kile ninachokitandika leo, na Khushbu akazima kioo kwanza ndipo akanishika mkono. Nilizaa kesho yake. Alikuwa msichana, ametimia vidole vyote. Mama yangu ndiye aliyemwosha. Tulimzika watu wanne.

Wewe mwalimu wa wanawake, niambie: eda ya mjane mwenye mimba huisha lini? Siku anayojifungua. Unaijua hukumu hiyo kuliko mimi. Mimi nilijifungua siku ya ishirini na tatu. Gauni la maua unaloliimba miaka saba nilivaa siku ya ishirini na sita, nimekwenda sokoni kununua pamba, kwa sababu nilikuwa navuja maziwa na hakuna wa kunyonya. Aliyeniona akakuletea wewe habari, na wewe ukaijaza chumvi. Mbale yote ikajua Shamim hana haya. Hata mmoja hakuuliza.

Hivyo usinililie juu ya maneno ya watu. Najua ladha yake, nilipikiwa jikoni kwako.

Na bado nakwambia njoo. Huyo Rashidah aseme atakavyo, wewe njoo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shamim


Nabuyonga, Mbale
21 Oktoba 2024

Mpendwa Shamim,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kama hutaki kuifungua nitaelewa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeisomea msalani, ndio mlango pekee wenye komeo katika nyumba hii. Nimekaa siku nyingi bila kuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kinajitetea. Nilianza na "sikujua." Nikachana, kwa maana uliniambia mlangoni nami nilisikia. Nikaanza na "nilikuwa na uchungu." Nikachana hiyo pia. Uchungu nilikuwa nao na wewe ulikuwa nao, na aliyefunga mlango ni mmoja.

Nilisema. Niliwaambia wawili, wao wakamaliza mji. Na lile la eda, nilipoletewa habari ya sokoni, akili yangu iliniuliza: na kama amezaa? Iliniuliza, Shamim. Nilikuwa mwalimu, nikaijua hukumu, nikaamua nisiijue kwa sababu hasira ilikuwa tamu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na sijui kama ni la kusameheka.

Tumbo limezidi. Sasa nikisujudu linanizuia. Nimeogopa, nakiri.

Jumanne tarehe 29 nitakuja na basi la alfajiri la Conrad, kama bado mlango upo. Naomba unifundishe tena kama mtoto: hiyo lita moja niinywe hapa Mbale, au njiani, au huko? Maana kutoka hapa mpaka Jinja ni saa tatu na zaidi, na barabara ya Tirinyi ina mashimo ambayo hata mtu mwenye kibofu kitupu humwomba Mungu wake.

Mwenzako,
Zaituni


Mafubira, Jinja
24 Oktoba 2024

Bi Mkubwa,

Waalaykum salaam. Usinywe tone huko Mbale! Wala njiani. Conrad hasimamishi basi kwa mtu, hata kwa mama yake. Njoo Jumatatu jioni badala ya Jumanne, ulale kwangu. Jumanne saa kumi na mbili na nusu utakwenda msalani, kisha nitakupa maji mwenyewe, kikombe kwa kikombe. Khushbu atafungua saa moja na nusu, kabla ya wagonjwa wengine. Nimemwomba na amekubali. Hakutakuwa na benchi wala mke wa Afande, na Adhuhuri itakukuta umeshamaliza.

Chumba chako kina shuka safi. Usilete malewa, yale machipukizi yenu ya mianzi, najua Wagisu hamtembei mikono mitupu, lakini harufu yake ikiingia kwenye basi utashushwa Iganga.

Na jambo moja ulijue kabla hujakanyaga kizingiti changu. Barua yako nimeielewa. Sijakusamehe. Nitakupokea, nitakupikia, nitakushika mkono kwenye kitanda kile. Kusamehe ni kazi nyingine na sijaianza.

Shamim


Nabuyonga, Mbale
11 Novemba 2024

Shamim wangu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama siku ile, na chupa yako ya uji niliimaliza kabla ya Iganga. Unaendeleaje na mgongo? Usibebe tena mitungi ya maji, umri umeanza kukufuata na wewe.

Karatasi ya Khushbu nimeipeleka hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji kaishika juu, kaisoma, akaniuliza nani kapima, akasema kapima vizuri. Ni vile vile alivyotuonyesha kwenye kioo: uvimbe kwenye kokwa la mayai la kushoto, mkubwa kama papai. Anasema kwa macho ya mashine haujatambaa, ila mpaka wafungue ndipo watajua ni wa aina gani. Ningekaa mpaka Krismasi, anasema, asingekuwa na la kuniambia. Wananipasua Jumatano tarehe 20.

Sasa nikupe la kukukasirisha. Wana fomu, inataka jina la ndugu wa karibu wa kutia sahihi. Mwanangu yuko Juba na lori, hana siku ya kurudi. Nikasema andika Shamim, Jinja. Nesi akauliza, "Ni nani yako huyo?" Nikasema mke mwenzangu. Akaweka kalamu. "Mama, bwana alikufa. Mke mwenza ya marehemu si ndugu. Huyo si mtu yako." Nilimwambia: binti, sisi tumelia maiti moja, na juzi huyo amenishika mkono nikiwa na lita nzima ya maji na mafuta ya baridi tumboni, na hakuniacha mpaka nilipofika msalani. Wewe hapo ndugu zako wangapi wamekufanyia hivyo? Wamesema uje mwenyewe na kitambulisho. Kama huwezi, nitaelewa.

La pili. Ijumaa nilikwenda darasani. Waliposikia ni uvimbe walirudi wote, Rashidah mbele, na mandazi. Sikuanza somo. Nilisimama nikasema: miaka saba iliyopita nilisema mke mwenzangu ana mimba ya uongo, kisha nikasema amevunja eda. Yote mawili nilimzulia. Alikuwa na mimba ya mume wetu, akazaa siku ya ishirini na tatu, eda yake ikaisha kwa hukumu ile ile ninayowasomea ninyi. Aliyenisikia nikisema lile, na alisikie hili, na alipeleke kule kule alikopeleka la kwanza. Mmoja wa wale wawili alitoka nje, analia au amekasirika, sijui. Sikukwambia kwanza kwa sababu sikutaka unizuie wala unishukuru.

La tatu ni dogo, na ukiona limezidi usilijibu. Mtoto aliyetimia vile hupewa jina. Mimi ningekuwa mama yake mkubwa. Nikiingia chumba cha kupasuliwa nataka nimwombee dua, na nimetambua kwamba sijui nimwite nani.

Mkubwa wako,
Zaituni


Mafubira, Jinja
14 Novemba 2024

Kwa Bi Mkubwa,

Waalaykum salaam wa rahmatullah. Mgongo umepoa. Conrad ananisubiri hapa mlangoni na injini inawaka, anadai barua zetu zinamchelewesha, basi naandika haraka.

Mwambie huyo nesi ninakuja Jumapili, na kitambulisho, na cheti cha ndoa, na picha ya mazishi nikiwa nimekaa na wapishi kama anaitaka. Nitatia sahihi kila mahali palipo na mstari. Akisema tena mimi si mtu wako, atanijua.

Usile kitu tangu usiku wa Jumanne, na safari hii hata maji hunywi. Hiyo ni tofauti na skani, usije ukachanganya ukanywa lita nyingine kwa ujuzi wako mpya. Khushbu anakusalimu, anataka umpelekee habari kwa mdomo wako, hataki za kusikia.

Hayo ya darasani Conrad alinieleza kabla ya barua yako. Nilikaa chini. Bado nina hasira na wewe, Zaituni, nyingi tu, imebaki ya miaka mingine saba, na usithubutu kufa kabla sijaimaliza.

Anaitwa Swabra. Miaka yote hii wewe ndiye wa kwanza kuuliza.

Mdogo wako,
Mama Swabra